Matunzo ya Watoto Yanatoka Chini ya Sakafu

Kasulo, Kolwezi
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Ngoie,

Kabla hujasoma, wape hawa watoto maji ya kunawa na kitu cha kutia tumboni, maana najua wamefika wakiwa rangi moja na barabara. Ukimaliza, kaa mahali ambapo Mama hakuoni, usome polepole. Akiuliza nimeandika nini, mwambie nimemsalimia sana. Hutakuwa umedanganya.

Mnaendeleaje huko Lubudi? Miguu ya Mama bado inavimba jioni, au ile dawa uliyonunua kule stesheni imesaidia? Mihogo mmeanza kung'oa? Na shemeji bado anakoroma mpaka treni inaona aibu? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini simu yenu inakaa mfukoni mwa shemeji, na yeye ukimwambia neno asubuhi, kabla ya chakula cha mchana soko zima linalo. Hili sitaki lifike sokoni. Ndiyo maana nimemshonea Masengo barua hii ndani ya koti lake.

Umeshangaa kuwaona Masengo, Banza na Esta mlangoni wakati shule haijafungwa. Ngoja nikueleze.

Unajua mwenyewe Baba Masengo alivyoondoka. Alibeba godoro, akabeba redio, akaenda Dilala kwa yule mwanamke wake anayeuza mafuta ya kung'arisha ngozi. Kikao cha familia zote mbili kilisema nyumba ibaki ya watoto na yeye awalishe. Alikubali mbele ya wote, hata akalia kidogo, na mjomba wetu akampa kitambaa cha kujifutia. Kile kitambaa hakukirudisha, na wala hakuleta chakula.

Tangu siku ile naishi kwa kugawa. Nauza unga kwa meka, kwa kile kikopo cha kupimia, pale njia panda, na jioni natenga: kwanza unga wetu wenyewe, kisha makala, makaa ya kupikia, kisha maji, kwa sababu maji ya visima vya huku hayanyweki tena, tunanunua kwa bidoni za plastiki. Kinachobaki ni cha shule. Yaya, hakibaki. Basi nachukua cha makala nakipeleka shule, halafu tunapika bukari, ugali wa unga huohuo, mara moja kwa siku na tunasema tumefunga. Esta akaniuliza kama hata Mungu anafunga kila siku. Nilimpiga kofi. Kisha nilitoka nje nikalia, maana mtoto hakukosea kitu.

Nilikwenda mahakamani, na sijuti. Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wangu, akanisikiliza vizuri, akaagiza baba yao alipe matunzo kila mwisho wa mwezi. Baba Masengo akasimama, kofia mkononi, na kwa adabu yote akamjibu: "Madame le juge, mwezi ni kitu ya batu ba bureau, benye mushahara. Miye siko na mwezi, niko na shimo. Shimo ikitoa, batoto banakula. Shimo ikinyamaza, ata miye nalala njaa." Watu wa nyuma walicheka. Hakimu hakucheka, na amri yake haikubadilika. Mwezi wa kwanza pesa ilikuja. Mwezi wa pili ilikuja nusu. Wa tatu zikaja salamu.

Baada ya hapo Masengo alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alikaa kwenye kizingiti na sare yake, mikono magotini, hasemi chochote. Wewe unamjua, huyu mtoto akinyamaza ni vibaya kuliko akipiga kelele. Wiki ileile baba yake akaja. Hakuleta hata mkate. Aliketi kwenye kiti cha plastiki sebuleni, akawa anagonga sakafu kwa kisigino, anasikiliza.

"Mama Masengo," akasema, "batoto beko banalala juu ya falanga, na weye unanifwata ku tribunal."

Nilijua anachotaka. Hapa Kasulo kila mtu anajua kilicho chini yake. Jirani wa kushoto alichimba kobalti chini ya jiko, wa kulia chini ya choo. Na kuna desturi ambayo hujaiona popote imeandikwa: anayelala ndani ya nyumba ana sehemu yake katika kila mzigo unaotoka. Wanaiita sehemu ya nyumba. Lakini ni lazima alale humo. Akihama, nyumba inahesabiwa imeachwa, na wenye shimo wanakula sehemu yake. Baba Masengo akasema sehemu hiyo ndiyo itakuwa matunzo ya watoto, kila wakiuza napewa mkononi, tusisumbuane tena kwa hakimu. Tajiri mmoja, Tata Mwamba, atalisha shimo, yaani atatoa kamba, taa, mashine ya kupuliza hewa na chakula cha wachimbaji mpaka madini yaonekane. Na mimi ndiye nitakayepika hicho chakula, nilipwe.

Najua wewe ungekataa. Wewe una shamba. Mimi nilikuwa na mtoto kizingitini.

Wakachimba chumbani kwangu. Niliona kitanda changu kinatolewa, wakavunja saruji tuliyoimwaga mimi na yeye mwaka ule Banza alipozaliwa, wakafunga turubai mlangoni. Mimi nikahamia sebuleni, watoto wakabaki chumba chao. Udongo walikuwa wanaurundika uani mpaka nikakosa pa kuanika nguo.

Sasa kuna jambo nililolijua tangu mwanzo na bado nikakubali, na hapo unicheke kabisa, nina haki ya kuchekwa. Mwanamke haruhusiwi kusogelea shimo. Wanasema madini yanamkimbia mwanamke. Ukipita karibu mshipa wa madini unapotea, na wachimbaji wanagoma mpaka mahali pasafishwe. Nilikubali kulishiwa watoto wangu kwa sehemu ya kitu ambacho siruhusiwi hata kukitazama, ndani ya chumba changu mwenyewe! Mzigo ulitolewa nikiwa nimetumwa nje. Waliporudi kutoka depo, kule waliko wanunuzi wa madini, nilipewa pesa na maneno: wiki hii shimo ni baya, mama, wiki hii ni mawe matupu.

Nilisadiki kwa muda. Lakini mimi ndiye mpishi wao, Yaya. Mchimbaji ambaye shimo lake halitoi anakula maharage kwa mkopo na kuramba sahani. Hawa walianza na maharage. Baadaye wakaomba samaki, na wakalipa papo hapo. Kisha mmoja akaniletea kuku wawili hai nimkaangie, na viatu alivyovaa vilikuwa vyeupe kama vya bwana harusi. Jioni hiyohiyo Baba Masengo akaniambia ni mawe matupu tena, na akanipa pesa ya meka chache za unga. Niliipokea, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwita mwizi mbele ya waendesha pikipiki wote.

Kesho yake walipokuwa wameshuka, nilichukua kigoda changu cha jikoni, nikafunua turubai, nikaingia, nikaketi ukingoni mwa shimo. Basi! Yule anayevuta kamba aliruka kama ameona nyoka.

"Mama, toka! Unafukuza matière!"

"Ikimbie," nikamwambia. "Mi niko ku chumba yangu. Leo nitaikala hapa."

Wakapanda juu mmoja mmoja, wamejaa vumbi, wamekasirika, mmoja anapiga ishara ya msalaba. Tata Mwamba akaitwa, akaja na simu zake mbili. Baba Masengo ndiye aliyetoka chini mwisho. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tulipokuwa vijana, kwa hofu kabisa, akasema: "Umeharibu shimo. Sasa lazima kondoo ya kusafisha, na ile kondoo itatoka ku part ya batoto."

Nilicheka, Yaya. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia akanunue kondoo, na akimaliza kunyunyiza damu nitaingia tena, na kesho kutwa tena, mpaka kondoo wote wa Lualaba waishe. Tata Mwamba si mjinga. Mvua zilikuwa karibu na mshipa ulikuwa mzuri. Alisema kitu kwa sauti ya chini, wakajadiliana pembeni, wakarudi. Walikubali kwamba mzigo utagawanywa uani mbele yangu kabla ya kwenda depo, nami nitakwenda na mifuko yangu, niiuze mwenyewe. Kondoo watamnunua wao.

Nilishinda. Nataka ulijue hilo, maana yanayofuata si mazuri.

Walipokuwa wanajadiliana mimi nilibaki kwenye kigoda, na nikatazama chini. Shimo lenyewe linakwenda wima, halafu huko chini linageuka, na mwanga wa taa ulikuwa unatoka upande wa chumba cha watoto. Hakuna mti hata mmoja wa kushikilia udongo. Kijana mmoja wa kutoka Malemba, mwenye sauti laini, akachutama karibu nami, mbali kidogo kwa sababu ya mwiko wao. Alinisemesha kwa heshima.

"Mama, uniwie radhi. Batoto yako bakicheza mule ndani, udongo inatuangukia. Ubaambie bacheze inje."

Alidhani ananilalamikia. Mimi nilisikia kwamba miguu ya Esta inatikisa dari ya watu, na ile dari ndiyo sakafu ya Esta.

Jioni nilimwita baba yao nyuma ya nyumba, peke yake. Sikupiga kelele. Nilimuuliza kama anajua wamefika chini ya kitanda cha watoto. Alisema anajua, yeye ndiye anayechimba upande ule, hataki mwingine auguse. "Miye njo napiga nyundo chini ya batoto yangu," akasema. "Unazani nasinzia? Nikisikia Esta anakohoa kule juu, nasimamisha kazi." Niliamini. Huyu mtu ni mwongo wa pesa, lakini hilo halikuwa la pesa. Nikamwambia basi aache. Akasema shimo lina deni la Tata Mwamba, akiacha watachimba wengine wasiojua nani amelala wapi. Nikamwambia aweke miti. Akasema miti inanunuliwa. Nikauliza miti itoke sehemu ya nani.

Ilitoka sehemu ya watoto. Pesa ya kwanza niliyouza kwa mkono wangu mwenyewe, pesa nzuri, niliyoipokea depo nikiwa nimesimama sawa na wanaume, nusu yake nilinunua magogo ya kuegemeza sakafu wanayolalia. Nusu nyingine nililipa ada. Masengo alirudi darasani, Banza akapata viatu, nikanunua nyama tukala kama Krismasi, na kila nilipotafuna nilikuwa nasikiliza chini. Sijawahi kupata matunzo kamili na kwa wakati kama wiki zile. Sijawahi kuogopa hivyo pia. Niliwahamishia watoto sebuleni, tukalala wote kwenye mkeka mmoja, Banza akalalamika kwamba namkumbatia sana.

Kisha mvua zikaanza. Ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, mkono wangu unaingia. Mtaa wa nyuma, nyumba moja iliingia ardhini mchana, watu wakiwa kazini, asante Mungu, ilibaki bati tu juu ya tope. Nilikwenda kutazama na wengine. Mwenye nyumba alikuwa anauliza kila mtu kama ameona sufuria zake. Niliporudi nilifungasha nguo za watoto.

Sasa swali lako nalisikia kutoka huku: na wewe je, mbona hukuja nao? Yaya, nikitoka nyumba imeachwa, na sehemu ya watoto imekwisha siku hiyohiyo. Huko Lubudi nitawalisha nini, mihogo yako? Mna midomo mingi tayari. Masengo ameanza sekondari, anataka kusomea uuguzi, anapata alama ambazo mimi na wewe hatukuziota. Tata Mwamba anasema mshipa utaisha mwisho wa mvua. Nimeamua kulala hapa mpaka uishe. Nimeweka mkeka wangu karibu na mlango wa mbele, na silali na viatu mbali.

Nimewaambia watoto kwamba Bibi anaumwa miguu na anahitaji wa kumchotea maji. Esta amefurahi. Banza ameuliza kama kuna mpira. Masengo hakuuliza kitu. Alikunja sare yake, akaiweka juu ya begi, halafu akalala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba chao, sikio chini. Nilimnyanyua. Kwa hiyo ujue anajua, usimdanganye akikuuliza, huyu ni wa kuambiwa ukweli.

Pesa nitatuma kila Jumamosi nikitoka depo, kwenye simu ya shemeji. Mwambie ni ya watoto, na nikisikia imenunua bia nitakuja na kigoda changu nikae katikati ya kitanda chenu. Kwanza mwandikishe Masengo shule ya huko, usingoje. Unga nunua kwa gunia, ni nafuu kuliko kwa meka, mimi ndiye ninayeuza kwa meka na ninajua tunavyowaumiza watu. Esta anakohoa, mpatie maji ya moto na asali, na umweke mbali na moshi. Baba yao akipiga simu kuwasalimia, mpe aongee nao. Sitaki wamchukie. Nitamchukia mimi, natosha.

Nisalimie Mama, umpanguse miguu kwa niaba yangu. Msalimie mjomba aliyetoa kitambaa, mwambie bado namdai mwenye nacho. Msalimie mama mkwe wako anayeuza chumvi, na katekista wetu wa zamani, muombe awe ananitaja kwenye sala bila kueleza watu sababu.

Na jambo la mwisho, Yaya, hili lishike. Jumamosi moja pesa isipofika, usimpigie simu baba yao kumgombeza kwamba ameacha matunzo. Pesa ikiwa kidogo, ni yeye. Pesa isipokuja kabisa, ni mimi. Waache watoto kwa Mama, uje wewe na shemeji, na mje na watu wenye makoleo.

Mdogo wako anayekupenda,
Kalenga, Mama Masengo